Jini la Mpunga wa Sikujali

Jirani zangu wa Msambweni, nanyi wa Mwabungo mliokuja kutupa pole, mengi mmeyasikia kuhusu nyumba yetu. Ninayaandika haya ili mama yangu, Mbodze, akumbukwe kama alivyokuwa, na ili yaliyotukuta yasiingie nyumba nyingine.

Asubuhi zetu zilikuwa tulivu. Mama alitwanga, Esha, mke wa kaka yangu Jaafar, alipepeta, na mimi nilichochea moto. Mpunga wetu tuliuita Sikujali. Bonde letu liko karibu na mkono wa bahari, na bamvua likiwa kubwa, maji ya chumvi hupanda hadi kwenye majaruba ya mpunga. Mpunga mwingine hunyauka. Huu wetu haukujali, ndipo bibi yake mama akaupa jina hilo. Ukipikwa, mpita njia alijua na akatafuta sababu ya kutusalimia. Wengine bondeni walikuwa wameuacha kwa sababu huchelewa kuiva. Mwenye mbegu alibaki mama peke yake, naye aliitunza ndani ya kibuyu kikubwa kilichoning'inia juu ya meko, ili moshi ufukuze wadudu.

Asubuhi moja tukasikia hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Alikuwa Everlyn, binti ya mzee Kimeu wa mashamba ya makazi kule Shimba Hills. Alizaliwa huku huku Kwale, ila Kiswahili chake kilibaki cha bara. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mimea, na alisema wanakusanya mbegu za zamani kabla hazijapotea.

"Sitaki nyingi, mama. Unipee tu kibaba kimoja. Tutaipanda, tuangalie jeni zake."

Jaafar alikuwa mlangoni akitia jembe mpini. Akainua kichwa. "Mtaangalia nini?"

"Jeni. Kila mmea uko na kromosomu, ni kama nyuzi ndogo sana ndani yake. Mpunga uko na jozi kumi na mbili. Wenu na wa dukani, nyuzi ni sawa kwa hesabu, lakini maagizo yaliyo kwenye nyuzi yanatofautiana. Pengine wenu uko na agizo linaloufanya usiogope chumvi. Tukilijua, litasaidia watu wengi."

"Watu wengi akina nani?"

"Wakulima, kaka."

"Na sisi?"

"Mbegu yenu inabaki yenu. Ile ya kwetu tunaiweka kwenye baridi. Yenu ikipotea, tunawarudishia."

Jaafar akacheka. "Yaani mtatuwekea kitu chetu, ili siku moja mtupe kitu chetu!"

Mama akamwambia Everlyn arudi juma lifuatalo. Esha akamkaribisha chai, kisha akamtembeza majarubani. Walirudi wakicheka, na Everlyn akamwachia leso kama shukrani.

Alipoondoka tu, Jaafar akaanza. "Mama, umesikia kwa masikio yako. Mpunga wetu una jini, na hao wanalitaka."

"Amesema jeni," nikamwambia. "Tulisoma shuleni. Ndicho kinachomfanya mtoto afanane na wazazi wake."

"Wewe na shule yako! Alitaka kusema jini, akaona haya."

Mimi nilicheka, lakini mama hakucheka. Msomaji, usitudharau. Huku kwetu wako wengi wanaoamini kwamba shamba linalozaa sana lina kinacholilinda. Isitoshe, baba yetu, Mungu amrehemu, aliwahi kumkaribisha mtu aliyesema amekuja kupima tu, na alipomaliza kupima, shamba letu la juu halikuwa letu tena. Aliyeumwa hivyo husikia sauti ya mpimaji katika kila hodi.

Jirani yetu Twaiba naye akaja na yake. "Nasikia kule Matuga walichukua mbegu za kunde. Mwaka uliofuata, kunde zikagoma kuzaa."

"Nani alikwambia?" nikamuuliza.

"Watu."

Huyo Watu ana habari kuliko sote, ila sijawahi kumwona akija hapa nikamtengea kiti.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipopotea, ingawa mimi niliyajua baadaye. Siku ambayo mama, Esha na mimi tulikwenda mazishini, Jaafar alitoa mbegu yote katika kibuyu kikubwa, ambayo msimu huo ilikuwa robo tu, akaificha katika kibuyu kidogo chenye shingo iliyovunjika, ambacho hakuna aliyekijali. Kisha akachukua mpunga wa kula kutoka kwenye gunia, akauchemsha na maganda yake, akauanika juani hadi ukakauka, akautia kiasi kile kile ndani ya kibuyu kikubwa. Kwa macho, mpunga ule ulifanana na mbegu kama pacha. Alijua mgeni atapewa kutoka kibuyu kikubwa. Angeondoka na mpunga uliokufa, na jini lingebaki nyumbani. Mgeni akishaondoka, Jaafar angeirudisha mbegu mahali pake.

Hakumwambia mkewe wala mama yake.

Everlyn aliporudi, Jaafar alikuwa amekwenda Kona ya Musa kutafuta vipuri vya baiskeli. Mama akaingia jikoni, nami nikiwa nyuma yake. Akashika kibuyu kikubwa, akasita. Na yeye alikuwa na shaka yake, jamani, ila ya kimya. Akatazama juu, akaona kile kidogo, akakitikisa, akasikia kimejaa.

"Huu ni mpunga wa masalio," akaninong'oneza. "Atosheke na huu. Ile mbegu yenyewe simpi mtu."

Akammiminia mgeni wote. Everlyn akashukuru kwa mikono miwili.

Jaafar aliporudi, alisikia tu kwamba mgeni amepewa. Akatabasamu, wala hakuinua macho kutazama kibuyu kidogo. Aliogopa mama asije akamwona akikitazama.

Mvua zilinyesha kabla Jaafar hajapata nafasi ya kuirudisha mbegu. Mama akamwaga ya kibuyu kikubwa kwenye kitalu, akangoja, naye Jaafar akaona haya kumzuia, akidhani ile hasa ingali katika kibuyu kidogo. Jirani walipoanza kung'oa miche, kitalu chetu kilikuwa tope tupu. Mama alichimbua punje kwa kidole, akaibonyeza, ikapasuka kama ya kuoza.

Jaafar alikimbilia jikoni. Nilimwona akikigeuza kibuyu kidogo, hakitoki kitu.

"Mama, cha humu kiko wapi?"

"Nilimpa yule binti. Kwa nini?"

Kama angesema wakati ule! Everlyn alikuwa hapo Shimba Hills tu, na simu yake tulikuwa nayo. Lakini Jaafar aliona aibu, akasema, "Nilikuwa nauliza tu."

Basi shaka ikatafuta pa kutua. Twaiba alisema jini limehama. Mama akasema haliwezi kuhama bila mtu wa ndani kulifungulia mlango. Akamwita Esha.

"Wewe ndiye uliyemtembeza majarubani. Ulimpa nini?"

"Nilimpa chai, mama."

"Naye akakupa leso."

"Leso ni nguo tu, mama. Ichukueni, mkaitie moto kama ina jini."

"Humjibu mama yako hivyo!" mama akafoka.

Esha akamgeukia mumewe. "Jaafar, unanijua. Na wewe husemi?"

Jaafar akatazama jembe lake. "Niseme nini?"

Esha hakulia. Alikunja nguo zake, ile leso akaiacha juu ya kitanda, akarudi kwao Mwabungo.

Mama alipanda mbegu ya kununua. Bamvua lilipopanda, miche iligeuka rangi ya majani makavu. Tangu hapo mama alikuwa akienda kuketi kwenye tuta la jaruba na kutazama maji. Maradhi yalimkuta hivyo. Siku za mwisho alitamani wali wa Sikujali. Nilimpikia wa dukani kwa tui zito, nikitumaini. Alionja kidogo, akaisogeza sahani polepole asinivunje moyo.

"Si huu, mwanangu. Lakini ahsante."

Alitutoka akiamini kwamba mkaza mwanawe alimuuza. Hilo ndilo linaloniliza zaidi ya kifo chenyewe.

Siku ya hitima, watu wakiwa wanakula, Everlyn akaingia uani amejifunga mtandio, mkononi ana mfuko.

"Poleni. Nimejua tu nilipofika njia panda." Akaketi mkekani karibu nami. "Nilikuwa namletea mama mbegu kidogo za mavuno yetu. Zile zake tulizipanda kituoni, zikaota karibu zote. Nyuzi zake bado tunazisoma, siri ya chumvi hatujaipata. Lakini mbegu nyingine ziko salama kwenye baridi. Nani alizitunza vizuri hivyo?"

Kisha nikasikia sauti ya kaka yangu.

"Ndizo zilizokuwa mbegu hasa. Zile za kibuyu kikubwa nilizichemsha mimi."

Alieleza yote mbele ya watu. Twaiba akaacha kula. Mzee Sefu, aliyekuwa ametusomea dua, akasema taratibu, "Na mtoto wa watu umemwacha akabebeshwa lawama?"

Kesho yake mimi na Jaafar tulikwenda Mwabungo. Esha alikuwa akikaanga mahamri mbele ya nyumba ya mama yake.

"Wifi, mbegu imerudi," nikamwambia.

"Alhamdulillahi."

"Urudi na wewe."

Aligeuza hamri moja, akaliacha liive, ndipo akamtazama Jaafar. "Mimi si mpunga, Jaafar, uniache kwenye baridi mwaka mzima, kisha uje unipande."

Alinifungia mahamri ya moto ndani ya karatasi. "Mama nimemsamehe. Nitakuja kumzuru kaburini. Nyumbani kwenu sirudi."

Tulirudi, mahamri yakipoa mapajani mwangu.

MAFUNZO

Jirani zangu, kuuliza si kosa. Maswali ya Jaafar siku ile ya kwanza yalikuwa maswali mema, na mgeni anayekuja kuchukua mbegu yetu anapaswa kuyajibu hadi turidhike. Kosa ni kuacha kuuliza na kuanza kuficha. Jaafar alimficha mama, mama akamficha mgeni, na aliyeumia ni Esha, ambaye hakuficha chochote. Dhana mbaya ikikaa ndani haimkamati mwizi, humkamata aliye karibu. Na mwenye kujua ukweli akinyamaza kwa aibu, asiseme kwamba hakumdhulumu mtu.

Pia msiiweke mbegu nyumba moja. Sikujali imeota tena, na nimewagawia wote walioomba. Kibuyu kikubwa kipo juu ya meko pale pale alipokitundika mama. Mwenye kutaka mbegu na aje, apige hodi. Haijachemshwa.