Ubao Chini ya Dohani

Alhamisi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mzee Orville Stenquist alitazama nyumba ya jirani yake akaona pazia bado limefungwa. Ardis Nyquist, mjane wa miaka sabini na minne, hufungua pazia saa moja kamili, na hakuna aliyekumbuka siku aliyochelewa. Orville alivuka theluji na ndara miguuni, akafungua mlango kwa ufunguo wa akiba aliopewa miaka mingi nyuma, akamkuta Ardis sebuleni kwenye kiti kilicho mbele ya dohani, ile meko ya ukutani, kinywa wazi, mashavu mekundu kuliko kawaida. Akamburuta hadi nje, akapiga simu ya dharura. Ana miaka sabini na tisa na magoti mabovu, lakini alimburuta.

Zimamoto walifika saa moja na nusu. Kipimo chao kililia kabla hawajavuka kizingiti: nyumba ilijaa ile gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kengele ya kuonya juu ya moshi na gesi hiyo ilikuwa kwenye droo ya jikoni, haina betri. Walizima tanuru la kupashia nyumba joto, wakafungua madirisha, wakamkabidhi Ardis kwa gari la wagonjwa. Saa mbili na robo waliitwa kwenye ajali ya barabara kuu, wakaondoka kabla ya kutafuta chanzo.

Sajini Renae Kubista wa polisi ya wilaya alifika saa tatu na dakika kumi. Yeye ni mzaliwa wa Lindrum hapo hapo, mji ambao hata mwizi angeomba radhi kwa kuingiza theluji ndani. Alizunguka nyumba hadi upande wa kaskazini, mahali ambapo ukuta umetokeza nje kubeba dohani. Kile kitumbo cha ukuta hakigusi ardhi. Kinaning'inia, na chini yake pana uwazi wa kupenyeza sungura na baridi yote ya Minnesota. Ndani kabisa ya uwazi huo, kwenye msingi, mabomba mawili meupe ya plastiki yalichomoza. Renae aliyajua, hata kwake yapo. Matanuru ya siku hizi hayapumulii juu, hupumulia pembeni: bomba moja huingiza hewa, la pili hutoa moshi.

Alipiga magoti akamulika. Majani makavu, hakuna chembe ya theluji. Dari ya uwazi ule ilikuwa imeganda barafu nene, kana kwamba mvuke ulifungiwa humo siku nzima. Kwenye kingo alihesabu matundu manane mapya ya skrubu. Na mbele yake, upande ambao haukuchimbwa, rundo la theluji lililoletwa na upepo usiku lilisimama wima kama limekatwa kwa kisu, na uso wake wa ndani ulikuwa na mistari ya nyuzi za ubao.

Theluji iliacha kuanguka saa kumi na mbili asubuhi. Basi ubao ulikuwepo hadi baada ya saa kumi na mbili, na sasa haupo. Mtu alipaziba, tanuru likaanza kuvuta moshi wake lenyewe. Kisha mtu akaja kuondoa ushahidi.

"Hiyo si ajali," alisema mwendesha mashtaka kwenye simu. "Nani anafaidika?"

Jibu lilitoka hospitalini. Ardis alizinduka saa nne, kichwa kikimgonga, na Renae alipomwambia kwamba pale chini ya dohani palizibwa, neno lake la kwanza lilikuwa jina la mwanawe.

"Craig alisema atapaziba," alisema. "Krismasi. Tuligombana. Aliniambia, siku moja utakufa humu ndani."

"Aliyasema hivyo hivyo, mama?"

"Hivyo hivyo. Anataka niuze nyumba nikakae na wazee." Aligeuza uso ukutani. "Asiingie humu. Sitaki kumwona."

Muuguzi aliandika kwenye karatasi ya mlangoni kwamba mtoto wa mgonjwa haruhusiwi. Renae aliisoma karatasi hiyo mara mbili.

Craig Nyquist, miaka arobaini na sita, alikuwa amepata habari kazini akaja mbio hadi nyumbani kwa mama yake. Saa tano polisi walimkuta uani, wakamwingiza garini. Saa tano na nusu alikaa mbele ya Renae, bado na mabuti meupe ya kiwanda cha bata mzinga.

"Ulisema utapaziba?"

"Nilisema. Miguu yake inaganda akikaa pale. Nikainama kupima, nikaona mabomba ya tanuru. Nikaacha."

"Kwa hiyo ulijua mabomba yako pale."

"Ndiyo, nilijua." Aliona mara moja kwamba jibu hilo linamkaanga, lakini hakulirudisha.

"Na maneno kwamba atakufa humo?"

"Alikuwa ametoa betri kwenye kengele kwa sababu inamlilia akikaanga vitunguu. Nikapandisha sauti. Afande, wewe humpandishii mama yako sauti?"

"Leo uliingia kazini saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Muulizeni yeyote pale." Kisha akauliza, "Ameshaambiwa niko hapa? Atakuwa ananisubiri."

Renae alifunga daftari. Akatoka nje, akapiga simu kiwandani, kilomita arobaini kutoka Lindrum. Kadi ya Craig iligongwa saa kumi na moja na dakika ishirini na nane, na hakutoka mpaka alipopigiwa simu saa nne na robo.

"Basi hakuuondoa yeye ule ubao," Renae alimwambia mwendesha mashtaka.

"Ana rafiki wa kumtuma. Saa kumi jioni namfungulia mashtaka."

Alibaki fundi wa tanuru, Duane Pribyl, aliyeweka mabomba mahali pa hovyo namna ile na angekuwa na sababu ya kuficha. Lakini tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi Duane alikuwa chini ya sakafu ya shule, na walimu wawili walimpelekea chai humo. Alisema jambo moja la maana: ubao peke yake huacha nyufa. Hatari hasa ilianza theluji ilipoziba nyufa usiku wa kuamkia leo. Aliyeweka ubao angeweza kuuweka siku nyingine kabisa, akalala usingizi wake.

Saa nane mchana Renae alibisha kwa Orville. Dirisha la jikoni kwake linatazama upande ule ule wa kaskazini wa nyumba ya Ardis.

"Kahawa?" Orville aliuliza.

"Hapana, nipo njiani tu."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Usijisumbue, mzee."

"Imeshachemka. Itamwagwa bure."

"Haya, nusu kikombe."

Alimmiminia kikombe kizima, kama inavyotakiwa. Lindrum ndivyo tulivyo. Kukataa mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili unampima mtu kama kweli ana nia, na jibu lenyewe linatoka mara ya tatu. Mgeni asiyejua haya hufa na njaa kwenye meza iliyojaa chakula.

"Ulimwona mtu pale baada ya zimamoto kuondoka?"

"Sikumwona mtu."

"Ardis alikuwa analalamika baridi?"

"Kila siku. Sakafu mbele ya dohani, unaweza kuhifadhi samaki." Alitabasamu kidogo. "Nilimwambia nitapaziba. Akasema nisijisumbue."

Renae aliweka kikombe chini. "Mlizungumza hayo mara ngapi, mzee?"

"Mara mbili."

"Na mara ya tatu?"

Orville alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mtu anayetaka kusaidia huuliza mara ya tatu," Renae alisema polepole. "Hukuuliza. Sidhani kama ulikata tamaa. Nadhani ulishajipa jibu. Na zimamoto walipoondoka, mtu pekee aliyebaki karibu na nyumba ile ni wewe."

Mzee aliendelea kufuta. Kisha akasimama, akafungua mlango wa gereji. Ubao uliegemezwa ukutani, uso wake umegeuzwa. Renae aliugeuza. Ulipakwa rangi ya nyumba ya Ardis, kijivu kile kile chenye ukijani kidogo.

"Nilikwenda dukani mara tatu waichanganye hadi ifanane," Orville alisema. "Nikaufunga Jumanne saa nane mchana, yeye akiwa kanisani na kina mama wanaoshona mablanketi. Sikutaka aone ni nani, angeanza kunishukuru na kuniletea mikate. Nilitaka tu siku moja akae pale asisikie baridi."

"Na mabomba?"

"Niliyaona. Nilifikiri ni ya maji. Shambani kwetu moshi ulipanda juu, mwanangu. Nani angewaza moshi utapita kwenye plastiki?" "Asubuhi nilimsikia zimamoto akisema bomba la tanuru lazima limezibwa mahali. Nikaelewa. Walipoondoka tu nikachukua drili."

"Nitaandika kwamba ulimwokoa, kwa sababu ulimwokoa. Nitaandika pia uliondoa ushahidi. Lakini saa tano walipomchukua Craig?"

"Nilikuwa nimesimama dirishani."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. "Nilisema watamwachia. Kila saa nilisema, sasa hivi watamwachia."

Renae alimhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Alimpigia mwendesha mashtaka simu, akamsubiri mzee avae viatu.

Hospitalini, saa tisa na nusu, Orville alisimama miguuni pa kitanda akasema yote bila kujikingia. Ardis alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilikukatalia, Orville."

"Nilidhani ni adabu."

"Haikuwa adabu. Craig alipomaliza kupima aliniambia pasiguswe. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikumuuliza, tulikuwa tumeshaanza kugombana. Asubuhi nilikumbuka ugomvi tu." Alishika ukingo wa kitanda. "Mungu wangu. Yuko wapi mwanangu?"

Craig aliletwa saa kumi na dakika tano. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa mlangoni. Muuguzi alikimbilia kuibandua lakini alichelewa, Craig alishaisoma.

Aliingia akakaa kwenye kiti, koti mwilini.

"Nisamehe," mama yake alisema. "Ilikuwa gesi. Kichwa hakikuwa changu."

"Daktari amesema ulizinduka saa nne, ukajua tarehe, ukajua jina la rais."

Machozi yalimtoka Ardis, naye hakuyafuta.

"Uliponitaja mimi," Craig aliuliza, sauti yake ndogo, "hukuwa na mtu mwingine wa kumfikiria kwanza?"

"Sikuwa na mtu mwingine," alisema mama. "Ni wewe peke yako unayekuja."

Renae aliwafungia mlango taratibu, akamshika Orville mkono, wakaenda kuandika maelezo.