Wimbo wa Daraja Linalobomoka

Jumamosi saa sita mchana, foleni ya supamaketi ilikuwa imefika hadi kwenye rafu za sabuni. Katikati yake alisimama mpima macho wa duka la miwani la jirani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, kikapu mkononi, akiimba midomo imefungwa kama alivyozoea akichoka. Hakujua kwamba nyuma yake kuna mtu aliyeganda kama sanamu.

Pwaa! Trei zima la mayai likatua sakafuni.

"Kaka, vipi tena?" Aligeuka akiinua pindo la gauni.

"Samahani, dada. Huo wimbo... umeutoa wapi?"

Alikuwa kijana mrefu, hedifoni shingoni, viatu vimejaa ute wa mayai, na macho yamemtoka.

"Mama yangu aliutunga mwenyewe. Aliniimbia mimi tu, na sasa ni marehemu. Kwa hiyo huwezi kuwa umeusikia popote."

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. "Ni mzuri," akasema.

Kazi yake ilikuwa kutunga muziki wa michezo ya video. Mpima macho hakuwahi kusikia kwamba kuna mtu anaishi kwa kazi hiyo, akacheka hadi mbavu zikamuuma. Wakasaidiana kufuta sakafu, na kabla ya kufika kwa keshia walikuwa wameshapeana namba.

"Haloo, Bwana Mayai."

"Daktari wangu! Macho yananiuma."

"Mimi si daktari. Yanauma saa ngapi?"

"Saa zote nisizokuona."

"Nenda zako huko!" Lakini alitabasamu mpaka mteja wake akasoma mstari mzima wa herufi vibaya bila yeye kugundua.

Ikapita miezi mitatu ya namna hiyo. Jumapili moja alasiri alikuwa amekaa kwenye chumba cha kazi cha mpenzi wake, kati ya kinanda na kompyuta mbili, kuta zote zimebandikwa sponji za kuzuia mwangwi.

"Hebu niambie," alisema. "Muziki wa gemu unakaaje kichwani? Mtu yuko bize kucheza, wala hausikilizi."

"Ndiyo maana unakaa. Wimbo wa redio unakukuta umetulia. Huu unakukuta vidole vinatoka jasho, umeshindwa mara thelathini, na kila ukianza upya, nao unaanza nawe. Ukiwa mbaya, utauchukia mara ya tatu. Ukiwa mzuri, unakuwa kama mtu aliyekaa nawe kwenye shida."

"Na wewe unaoupenda kuliko yote ni upi?"

Alisita. Kisha akachomeka mashine moja ya zamani, akabonyeza kitufe. Kwenye skrini, mtu mdogo alianza kukimbia juu ya daraja linalobomoka, na sauti nyembamba kama za kengele zikaanza kuimba.

Mpima macho akainuka kitini. Ulikuwa ule ule, noti kwa noti.

"Umeuiba," alinong'ona. "Umeuiba wimbo wa mama yangu!"

"Hapana, mpenzi. Angalia kasha."

Akaangalia. Mchezo ulitengenezwa mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa.

"Kwa hiyo ulijua." Alilitupa kasha mezani. "Tangu siku ile ya foleni. Miezi mitatu unanisikia nikisema mama ndiye aliyetunga, nawe umenyamaza kimya!"

"Niliogopa kukunyang'anya kitu cha mama."

"Ulikuwa unanihurumia. Sijakuomba huruma!" Akachukua mkoba, akatoka bila kufunga mlango.

Kwa wiki mbili hakupokea simu zake. Kazini alipima macho ya watu bila kuimba hata mara moja. Siku ya kumi na nne akaenda kwa baba yake, karani mstaafu wa mahakama.

"Baba, mama alikuwa mwongo?"

Mzee alishusha gazeti taratibu. Aliposikia habari ya daraja na kengele, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Na wewe umelipata wapi hilo gemu?"

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Ujauzito wako ulikuwa wa hatari, mwanangu. Daktari alimlaza mama yako chali miezi mitano. Alikuwa akilia kutwa, akiogopa utatoka. Baba yako mdogo akatuazima mashine ya gemu, apoteze mawazo. Mama akakwama kwenye hilo daraja! Kila siku anaanguka, anaanza tena. Ukiusikia huo wimbo, ulikuwa unapiga mateke. Ulipozaliwa, hunyamazi mpaka akuimbie."

"Kwa nini aliniambia ameutunga?"

"Mwalimu mkuu mzima, aseme alikuwa anacheza gemu? Aliona aibu. Ulipokua, akaona amechelewa kuufuta huo uongo."

"Alilivuka?"

"Hakulivuka. Ulizaliwa mapema, mashine ikarudi kwa mwenyewe."

Akatoka hadi uani, akapiga simu.

"Haloo?" Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu asiyeamini.

"Ni mimi. Washa hilo gemu, ninakuja."

Alicheza alasiri nzima. "Ruka! Ruka sasa!" "Usinipigie kelele!" Alianguka mara hamsini na kitu. Halafu, bila kutegemea, mtu mdogo akatua ng'ambo. Kengele zikakatika. Ukaingia muziki mwingine, mpana na wa taratibu, ambao hakuwahi kuusikia maishani.

"Huu mama hakuufikia," alisema, na machozi yakamtiririka.

"Nisamehe kwa kunyamaza. Sitakuficha tena kitu."

"Haya, anza sasa hivi. Niambie unachoogopa kuniambia."

Kijana akameza mate. "Nataka kukuoa. Nimeogopa kulisema tangu mwezi wa kwanza."

Alimkodolea macho, rimoti ya gemu bado mkononi. "Rudia."

Akarudia.

"Ndiyo," alisema, akishtuka mwenyewe kusikia neno lilivyotoka haraka. Papo hapo akampigia baba yake. "Baba, kama umesimama, kaa."

"Nimekaa. Nini tena? Leo unaniua kwa mshtuko!"

"Naolewa."

Upande wa pili gazeti likasikika likikunjwa. Kisha mzee akavuta kamasi, na kwa sauti yake ya mahakamani akasema, "Taja jina kamili la mhusika. Naandika."