Herufi za Chuma za Nyaguthii

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 2006, Nyaguthii alifagia duka la shangazi yake Rosaline mjini Kitale, akapangusa kompyuta, kisha akaketi kufanya kazi. Duka lilichapa kadi za harusi, kalenda na mabango. Nyaguthii alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wiki ile alikuwa na kazi moja tu: bango la Mzee Wabwile, fundi wa mageti, aliyekuwa akifungua karakana yake mpya Bungoma siku ya Jumamosi.

Mzee alitaka jina la karakana lionekane kana kwamba limefuliwa kwa chuma. Nyaguthii alihangaika nalo siku tatu. Katika programu ya picha, kila kitu hukaa kwenye tabaka lake, moja juu ya jingine, kama blanketi kitandani. Chini aliweka kivuli. Juu yake herufi za kijivu, halafu rangi inayofifia kutoka nyeusi hadi nyeupe, na juu ya yote mstari mwembamba wa mng'ao. Alipomaliza, mtu angetamani kuzigonga herufi zile asikie zikilia.

Alhamisi mchana alitumwa kununua karatasi. Aliporudi, alimkuta Mzee Wabwile mbele ya kompyuta, akilitazama bango na kumpigapiga bega Gathii, binamu yake Nyaguthii wa miaka kumi na mitano, ambaye pia alisaidia dukani.

"Lo! Kijana, una mkono wewe!"

"Asante, Mzee," Gathii akajibu.

Asante! Asante ya kazi ya nani? Nyaguthii alisimama mlangoni damu ikimchemka. Mzee alipoondoka, alimvamia binamu yake.

"Si ungesema ni mimi?"

"Kwani nilisema ni mimi? Yeye ndiye alidhani. Wacha makasiriko, bana."

Kabla ya duka kufungwa, Nyaguthii alifungua kazi ile, akayaunganisha matabaka yote yakawa moja, akahifadhi. Ukishafanya hivyo, kivuli na mng'ao havibanduki tena. "Haya, bingwa," akanong'ona, "tuone utakavyobadilisha hata nukta." Akaenda nyumbani amenuna, na githeri ya chakula cha jioni hakuigusa.

Ijumaa asubuhi Mzee Wabwile alirudi na picha ya geti lake, iwekwe chini ya jina. Gathii aliiweka. Mzee akakunja uso.

"Kuna kitu hapa. Kwenye picha jua linatoka kulia, herufi zenu zinang'aa kushoto. Kwani Bungoma kuna jua mbili? Mafundi wenzangu watanicheka!"

"Hiyo ni kazi ya dakika mbili," alisema Shangazi Rosaline. "Gathii, geuza mng'ao."

Gathii alibofya hapa, akabofya pale. Tabaka lilikuwa moja tu. Mng'ao ulikataa kubanduka.

"Umefanya nini, Gathii?"

"Naapa sijagusa, Shangazi!"

"Nani basi, panya? Kazi ya siku tatu umeiharibu!"

Mzee Wabwile alichukua kofia yake. "Mama, wageni wangu ni kesho. Acha nitafute kwingine."

Nyaguthii alifurahi kidogo, tusidanganyane. Angenyamaza tu, Gathii akione cha mtema kuni. Lakini kunyamaza ndiko alikofanya Gathii jana, na jambo hilo lilimkera kuliko yote.

"Ni mimi!" sauti ikamtoka kubwa mno. "Niliyaunganisha makusudi! Kazi ni yangu, na yeye ndiye akapewa sifa!" Machozi ya hasira yakamdondoka.

Shangazi akamgeukia Gathii. Gathii akainama. "Ni kweli. Ni kazi yake. Nilinyamaza."

"Nyinyi wawili!" Shangazi alifoka hadi muuza mahindi wa jirani akachungulia. "Mmoja anaiba sifa, mwingine anachoma nyumba yake mwenyewe! Mzee, nipe mpaka saa nane. Nyaguthii, keti uanze upya. Na wewe, Gathii, shika kalamu uandike kila hatua anayofanya, ujue jasho la mtu likoje."

Mzee akarudi kitini. Nyaguthii akaanza: kivuli, kijivu, rangi inayofifia, na mng'ao, safari hii upande wa kulia. Saa saba na nusu jina na geti vilikuwa chini ya jua moja.

"Nisamehe," Gathii alisema bila kuulizwa. "Mimi singeweza."

Mzee Wabwile alisogea, akamwonyesha Nyaguthii kidole gumba chake cha kushoto. Ukucha ulikuwa umebapa, mweusi.

"Unaona hiki? Niligombana na mwenzangu, nikarudi kazini na hasira zangu. Nyundo ikanipiga mimi mwenyewe. Kinachotiwa moto ni chuma, binti yangu, si fundi. Ukidhulumiwa, sema, hata kwa ukali. Lakini usiipige kazi ya mikono yako."

Nyaguthii akaigeukia kompyuta, akahifadhi bango, kila tabaka likiwa mahali pake.