Treni Isiyogusa Reli

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka la ushonaji. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, pasi, na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Mume alikata na kushona. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mkewe alitia zipu, mapindo na vifungo. Vifungo vyake havikukatika, ndiyo maana watu wakamwita Bibi Vifungo.

Fundi alikuwa na jibu la kila swali, hata maswali ambayo hakuulizwa. Mkewe alikuwa amezoea. Alisikiliza, akaitikia, kisha akafanya alivyoona sawa.

Mwaka uliotangulia, Bibi Vifungo aliugua moyo. Moyo wake ulipiga polepole mno, akawa anazimia. Daktari alimwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Kazi ya kifaa hicho ni kuushtua moyo unapochelewa kupiga. Siku ya kutoka hospitalini alipewa onyo moja kubwa. Asiweke sumaku karibu na kifaa hicho.

Sasa, mafundi cherehani huwa na sumaku ya kuokotea pini. Bibi Vifungo aliporudi nyumbani, alimwomba mumewe aitundike yao ukutani, mbali na kiti chake. Tangu siku hiyo, pini zilipomwagika, Fundi ndiye aliyepiga magoti na sumaku mkononi.

"Magoti yangu yatakwisha kabla ya pini," alilalamika.

"Pole, mume wangu. Na ile pale chini ya meza usiisahau."

Jumanne mchana, simu ililia. Alikuwa mkwe wao, anayeishi na binti yao katika mji wa mbali, ng'ambo ya milima.

"Shikamoo, Mama. Daktari amempima mke wangu leo. Mtoto amekaa vibaya tumboni. Atafanyiwa upasuaji Alhamisi asubuhi."

Kisha binti mwenyewe akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, uje. Safari ile nilikuwa peke yangu."

Bibi Vifungo alielewa maana ya safari ile. Mtoto wa kwanza wa binti yake alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Siku hiyo mama mtu alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo, hajiwezi. Hakuweza kwenda kumshika mwanawe mkono, na jambo hilo lilimuuma kila alipolikumbuka.

"Nitakuja," alisema. "Alhamisi utaniona kabla hujaingia chumba cha upasuaji."

Lakini kuja vipi? Mvua ilikuwa imevunja daraja la barabara kuu. Mabasi yalizunguka milima, na safari ilichukua siku mbili nzima. Basi lingefika Alhamisi jioni, mambo yamekwisha.

"Pandeni treni mpya," mkwe alisema. "Inafika kwa saa mbili tu. Ile treni ya sumaku."

Bibi Vifungo aliweka simu mezani. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi begani.

"Usiogope," Fundi alisema. "Mimi najua treni hiyo inavyofanya kazi."

"Umejulia wapi?"

"Kwa kufikiri. Treni nzima ni sumaku moja kubwa. Ukiwa na chuma mwilini inakung'ang'ania. Usipokuwa na chuma, unapita salama. Kwa hiyo dawa ni nguo."

Alikata kitambaa palepale. Alianza kumshonea mkewe gauni la safari lisilo na zipu, lisilo na kishikizo cha chuma, la kufunga kwa kamba za kitambaa. Kisha akavua mkanda wake wenye kishikizo cha chuma, akafunga suruali kwa utepe wa rangi ya waridi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Bibi Vifungo alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Mume wangu, gauni nimelielewa. Na hiki kilicho begani je? Nacho utakitoaje?"

Mkasi wa Fundi ulisimama hewani.

"Hapo," alisema, "hapo sijafika."

Alikaa akashika tama. Baadaye akapata wazo lingine. Treni inaelea, alisema, kwa sababu sumaku mbili zikielekezana upande unaofanana, zinasukumana. Basi sumaku za chini zinaisukuma treni juu. Alimwambia mkewe akasimame mlangoni, mbali kabisa. Akachukua sumaku ya pini na nyingine aliyoing'oa kwenye mlango wa kabati. Akajaribu kuiweka moja hewani juu ya nyingine. Kila alipoiachia, ile ya juu ilichepuka, ikapinduka, ikaing'ang'ania ya chini kwa kishindo.

"Inapinduka!" Fundi alipiga kelele. "Watu wanapanda kitu cha kupinduka!"

"Wewe si ulisema unajua?"

"Nilijua. Sasa sijui tena."

Bibi Vifungo alihisi machozi yakimlenga. Treni inanata au inapinduka? Inasukuma au inavuta? Na moyo wake ungekuwaje katikati ya vurugu hiyo? Akipanda, labda hafiki hai. Asipopanda, binti yake ataingia tena peke yake. Kichwa kilimzunguka.

"Hodi!"

"Karibu!" waliitikia kwa pamoja.

Aliingia jirani yao, msichana mrefu mwenye viatu vizito vya kazi. Alikuwa fundi wa umeme katika njia ya treni hiyohiyo. Watoto wa mtaani walimwita Dada Nyaya. Alikuwa amefuata suruali yake ya kazi iliyochanika goti.

"Shikamooni," alisema. Kisha akaona utepe wa waridi. "Mzee, kuna sherehe?"

Walimweleza yote, huku kila mmoja akimkatiza mwenzake. Dada Nyaya alicheka kidogo, lakini alipoona macho ya Bibi Vifungo aliacha kucheka.

"Mama, kaa hapo hapo mlangoni, usisogee. Mzee, nipe hiyo sumaku, sindano na uzi."

Alitunga uzi kwenye sindano, akaifunga ncha ya uzi kwenye mguu wa cherehani. Akaishika sumaku juu ya sindano. Sindano ilisimama, ikauvuta uzi ukanyooka, ikabaki hewani bila kuigusa sumaku. Katikati palibaki nafasi ndogo, kama upana wa kidole.

"Inaelea!" Fundi alisema.

"Na je, inasukumwa au inavutwa?"

"Inavutwa. Lakini inavutwa kwenda juu."

"Ndivyo ilivyo treni yetu. Haisukumwi kutoka chini. Inavutwa juu."

Bibi Vifungo alikunja uso. "Inavutwa na nini? Juu ya treni si kuna mbingu tu?"

"Swali zuri, Mama." Dada Nyaya alienda kwenye meza ya kukatia. Aliweka viganja juu ya ukingo wa meza, kisha akakunja vidole vikaingia chini yake. "Meza hii ndiyo njia. Treni imeikumbatia hivi, pande zote mbili. Sumaku zake ziko hapa, kwenye vidole, chini ya ukingo. Ukingo ni chuma. Sumaku zinataka kupanda zikaunate ukingo. Zikipanda, zinabeba treni nzima."

Fundi aliinama kutazama chini ya meza, kisha akatazama juu, kisha akainama tena.

"Kwa hiyo kinachoinua treni kiko chini, lakini kinavutwa na kilicho juu yake, ambacho kiko chini ya treni?"

"Hasa."

"Kichwa kinaniuma," alisema Fundi.

"Nami hivyo hivyo nilipoanza kazi. Sasa angalia." Dada Nyaya alichukua mkasi, akaukata uzi. Sindano iliruka, ikanata kwenye sumaku, ta! "Bila uzi, inanata. Ukiiweka mbali kidogo, inaanguka. Hakuna pa kukaa katikati. Ndiyo maana sumaku zako pia zilipinduka, Mzee. Sumaku tupu haziwezi kujituliza zenyewe hewani."

"Na treni ina uzi?" Bibi Vifungo aliuliza.

"Haina uzi. Ina umeme. Sumaku zake si kama hii ya pini. Ni waya uliozungushwa kwenye chuma. Umeme ukipita, chuma kinakuwa sumaku. Ukiongeza umeme, nguvu inaongezeka. Ukipunguza, inapungua. Kuna vifaa vinavyopima ile nafasi kati ya treni na reli wakati wote, mara nyingi mno kwa kila sekunde. Treni ikishuka hata chembe, umeme unaongezwa. Ikipanda, unapunguzwa. Nafasi inabaki ileile, kama unene wa kidole changu kidogo."

"Kama mtu anayeshona kitambaa cha hariri," Bibi Vifungo alisema polepole. "Hukivuti sana, hukilegezi. Mkono unasikiliza."

"Mama, umenishinda kueleza."

Fundi hakupenda kuachwa nyuma. "Sawa, imeelea. Inakwendaje mbele? Haina magurudumu ya kusukuma."

Dada Nyaya alitandaza kipande cha kitambaa hewani, akamwambia Fundi ashike pembe mbili. Akaweka pini juu yake, akapitisha sumaku chini ya kitambaa. Pini ilifuata kila sumaku ilipokwenda.

"Kwenye njia kuna nyaya mwanzo hadi mwisho. Umeme unapita humo kwa zamu, kipande baada ya kipande, unakuwa kama sumaku inayokimbia. Treni inaikimbilia. Sumaku ikikimbia haraka, treni inakimbia haraka. Ikipunguza, nayo inapunguza. Kwa kuwa haisuguani na reli, inakwenda kasi sana."

"Na umeme ukikatika?"

"Treni ina betri zake. Zinaendelea kuishikilia huku mwendo ukipungua, kisha inatua taratibu kwenye vibao vya kuteleza vilivyo chini yake."

Bibi Vifungo alikuwa bado ameshika bega. "Mwanangu, haya yote nimeyasikia. Nusu nimeyaelewa. Lakini niambie jambo moja tu. Moyo wangu utafika?"

Dada Nyaya aliweka pini mezani. Akasogeza sumaku karibu, pini ikaruka. Akairudisha pini, akaishika sumaku mbali, urefu wa mkono. Pini haikutikisika.

"Nguvu ya sumaku hupungua haraka ukiwa mbali. Zile za treni ziko chini kabisa, na zimegeukia reli. Wewe utakuwa juu, kwenye kiti. Vipimo vyetu ndani ya behewa ni vidogo sana. Lakini mimi ni fundi wa njia, si fundi wa moyo. Kifaa chako anakijua daktari. Twende ukamuulize. Nitakupa namba ya ofisi yetu ya usalama, ampigie yeye mwenyewe."

"Na gauni?" Fundi aliuliza.

"Gauni zuri, Mzee. Ila hata zipu haikuwa na shida. Na tafadhali, funga mkanda wako."

Jumatano asubuhi walikwenda kliniki ya moyo. Daktari alikipima kifaa. Alipiga simu ofisi ya treni, akauliza maswali mengi, akasikiliza. Bibi Vifungo alimtazama usoni kama mtu anayengoja hukumu.

"Safiri, Mama," daktari alisema mwishoni. "Kwa kifaa chako hiki, na ndani ya behewa lile, sioni hatari. Kaa kwenye kiti chako. Usisogelee mahali mafundi wanapofungua mitambo. Ukihisi kizunguzungu, mwite mhudumu. Lakini jibu hili ni lako wewe. Vifaa vinatofautiana, na treni nazo zinatofautiana. Mwenye kifaa kingine aje aulize kama ulivyofanya."

Alhamisi, treni ya kwanza ya asubuhi iliondoka nao. Kulikuwa na mnyanyuko mdogo tu, kama mtu anapovuta pumzi. Hapakuwa na mlio wa magurudumu. Milima ilianza kurudi nyuma dirishani, na Fundi akainama kutazama sakafu.

"Tumeshaelea?"

"Nadhani."

"Mbona sihisi kitu?"

"Nyamaza, nausikiliza moyo wangu."

Moyo ulipiga. Ulipiga sawasawa hadi mwisho wa safari. Hata hivyo Bibi Vifungo hakuondoa mkono begani mpaka milango ilipofunguliwa.

Hospitalini walimkuta binti kitandani, tayari amevikwa nguo za upasuaji. Muuguzi alikuwa ameanza kukisukuma kitanda kuelekea mlangoni. Binti alikuwa ameukazia macho mlango huo. Alipomwona mama yake, uso ulimbadilika.

"Mama! Na kifaa chako? Umekuja na nini?"

"Na treni ya sumaku."

Binti aliushika mkono wake kwa nguvu. "Naogopa, Mama. Niambie chochote. Niambie hiyo treni inakwendaje."

Bibi Vifungo alitembea kando ya kitanda, akimweleza njiani.

"Haina magurudumu. Imeikumbatia njia. Sumaku zake ziko chini, zinavutwa juu na chuma, lakini haziruhusiwi kukigusa. Zikikaribia, umeme unapunguzwa. Zikienda mbali, unaongezwa. Halafu kuna sumaku nyingine inayokimbia mbele, ila yenyewe haiendi popote, ni umeme tu ndio unaokwenda, na treni inaifuata hiyo ambayo haiendi."

Binti alicheka katikati ya machozi. "Mama, sijaelewa hata kidogo."

"Hata mimi hapo mwisho bado," Bibi Vifungo alisema. "Lakini nimefika."

Mlango ulifunguliwa. Binti aliingia akiwa bado anacheka. Mama yake alibaki nje, amesimama, kiganja chake kwenye mlango uliofungwa. Alikuwa hajakaa bado aliposikia, upande wa pili, mtoto akilia.