Maboga ya Kizibao

Kila alipotoka shule, Signe alipitia shamba la jirani lililokwisha kuvunwa, akaokota maganda makavu ya mahindi. Majani ya miti yalikuwa yakipukutika, na kila mlango mtaani ulikuwa na pambo la msimu, shada lenye maboga madogo, isipokuwa wa kwao. Bibi Ardis hakutaka kusikia habari za kununua.

"Nyumba hii ina kila kitu," alisema. "Kinachokosekana ni macho tu."

Basi Signe akakunja waya wa kutundikia nguo ukawa duara, akaufungia maganda na matunda ya misonobari. Shada likapendeza, ila halikuwa na maboga. Ijumaa alishuka chumba cha chini kupekua kapu la matambara. Kitambaa cha rangi ya chungwa hakikuwemo, lakini ukutani, juu ya kapu, kilining'inia kizibao cha rangi hiyo, kimepauka na mfuko umechanika. Signe alijiambia kwamba kinangoja kutupwa. Hakumuuliza mtu. Alikikata vipande vinne vikubwa, akavijaza majani makavu na kuvifunga kwa uzi, vikawa maboga, akayatundika kwenye shada mlangoni.

Wakati wa chakula cha jioni, Baba aliingia na koti lake la kahawia mkononi.

"Kesho msimu wa kuwinda kulungu unaanza, na kizibao changu sikioni."

Kijiko cha Signe kilisimama hewani. "Kipi, Baba?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kile cha chungwa, cha kuonekana na wawindaji wenzangu. Aa, nitakuwa nimekisahau kwenye kibanda changu msituni. Nitaenda na koti hili, nikifika nitakivaa."

Bibi alimkazia macho. "Uingie msituni alfajiri na rangi ya kulungu, kila mti una mtu na bunduki yake? Umechoka kuishi, Nils?"

"Nusu saa tu, Mama."

Chakula kilimshinda Signe. Akisema, Baba atakasirika. Akinyamaza, Baba ataenda kutafuta kitu kisichokuwepo, na mtu atakayeona kahawia inatikisika vichakani hatauliza jina. Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi na maboga manne na kuyaweka mezani.

"Kizibao hakiko msituni," alisema huku akilia. "Ni haya. Nilikikata mimi."

Baba alichukua boga moja, akaligeuzageuza. Kisha akaketi.

"Ningekwenda," alisema polepole. "Kweli ningekwenda."

"Maneno baadaye," Bibi alisema. "Signe, lete sindano."

Walimwaga majani, wakavishona vipande vyote kwenye koti, viwili kifuani na viwili mgongoni, hadi kahawia ikabaki mikononi tu. Signe alijichoma kidole mara tatu wala hakulalamika.

Kesho yake alishinda dirishani, akihesabu kila mlio wa bunduki. Alasiri Baba alitokea, mikono mitupu, anang'aa chungwa toka mbali. Signe alimkimbilia.

"Kulungu walinicheka," Baba alisema. Alivua viatu, akamkabidhi soksi zake za kijivu zilizotoboka. "Shika. Hizi nimekupa mwenyewe. Kitu kikichakaa hakijawa takataka, mwanangu. Uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana. Ndiyo maana nimerudi."

Mwaka ule, mlangoni kwao palikuwa na maboga ya kijivu. Bibi alizifua soksi kwanza.