Mpira Haupakwi Samli

Kila Jumamosi asubuhi Cornel alilipaka gari samli.

Usicheke. Gari lilikuwa Landrova ya kijiji cha Samuye, na Cornel ndiye aliyekuwa dereva wake. Lilibeba pamba, mbegu na wagonjwa. Njia ya kwenda hospitali ya Kolandoto ilikuwa mashimo matupu, na springi zikaanza kulia: kwii, kwii. Cornel alikulia kwa ng'ombe. Baba yake, mzee Donatus, alimfundisha kupaka samli kamba za ngozi za kufungia nira, zisikauke na kukatika shambani.

"Kitu kikilia kina kiu," mzee alisema.

Basi Cornel akachota samli, akapaka kwenye ncha za springi. Kelele zikaisha. Kijiji kizima kikamsifu.

Baada ya muda gari likaanza kuyumba. Kwenye ncha za springi kuna bushi, yaani pete za mpira zinazomeza mishtuko ya barabara. Zilikuwa zimeoza. Cornel alinunua nyingine mjini Shinyanga, akazifunga, kisha akazipaka samli vilevile.

Mvua zilipochanganya, jirani yake Cornel, Philomena, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Walimpakia garini. Njiani bushi ilikatika, springi ikahama, gari likaingia mtaroni. Philomena alijifungulia kwenye majani, na mtoto hakupona.

Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nakataa! Tusimsingizie Mungu uvivu wetu wa kuuliza.

Cornel alifunga bushi nyingine, na haikuchukua muda gari likayumba tena. Sasa Generosa, mke wake, alikuwa na mimba ya miezi tisa.

"Baba Marcel, gari lile mimi silipandi," alimwambia Cornel.

"Leo nanunua bushi mpya."

"Kwani za siku ile ya Philomena zilikuwa kuukuu?"

Cornel alichukua ufunguo akatoka. Alipowasha gari, Philomena alikuwa tayari amekaa ndani.

"Nakwenda nawe," alisema. "Nataka nimwone huyo anayeuza mipira inayokatika."

Aliyeuza aliitwa Mwaisha. Marehemu mume wake alikuwa fundi magari, nao walifanya kazi pamoja miaka mingi. Sasa duka la vipuri lilikuwa lake.

"Shikamoo, mama," Cornel alisema.

"Marahaba. Wewe tena? Bushi unazila?"

Philomena hakusalimu. "Unatuuzia mipira mibovu! Mwanangu amekufa kwa sababu yako!"

Mwaisha alitoka nyuma ya meza. "Pole sana, mwanangu. Lakini neno hilo sitaliacha lipite. Gari liko wapi?"

Alijifunga kanga kiunoni, akainama, akapitisha mkono kwenye springi. Kisha akanusa vidole.

"Mbona pananukia kama jikoni?"

"Ni samli, mama. Springi zilikuwa zinalia."

"Samli!" Sauti yake ilivuka barabara. "Vipuri vyenyewe siku hizi vinatafutwa kwa tochi, wewe unavikaanga!"

Alibonyeza mpira wa bushi kwa kidole. Ukamong'onyoka.

"Ngozi hunywa mafuta ikalainika," alisema. "Mpira huliwa na mafuta. Samli, grisi, oili chafu, dizeli, vyote vinauvimbisha na kuuozesha."

"Lakini chuma hutaka mafuta," Cornel alibisha.

"Pale chuma kinaposuguana na chuma, sawa. Hapa hakuna kinachosuguana. Tazama." Akachukua bushi mpya. "Bomba dogo ndani, bomba kubwa nje, mpira umeshikana nayo katikati. Gari likiruka, mpira unajisokota kidogo, kisha unarudi. Hauhitaji kuteleza. Haya, nati unazikazaje?"

"Napiga jeki. Magurudumu yakining'inia, nakaza mpaka mwisho."

"Kosa la pili!" Mwaisha alimkamata mkono akausokota. "Kaa hivi mpaka Kolandoto, tuone kama hutachanika!"

"Naumia, mama!"

"Na mpira hivyo hivyo. Ukikaza gari likiwa juu, ukilishusha mpira unabaki umesokotwa siku zote. Ingiza bolti, nati iache ilegee. Shusha gari lisimame kwa uzito wake. Hapo ndipo ukaze."

"Na likilia?"

"Osha matope kwa maji. Likizidi kulia, chukua mtaimbo, sukuma penye bushi. Ikicheza, au ukiona nyufa, badilisha. Usingoje ikatike."

Philomena alimgeukia Cornel.

"Ulikuja dukani hapa zaidi ya mara moja. Mama huyu alikuwepo. Mbona hukuuliza?"

Cornel aliinamisha kichwa. "Dereva mzima, nimwulize mwanamke habari za bushi?"

"Kumbe mwanangu amekufa kwa aibu yako!"

Hakuna aliyemtetea. Hata mimi simtetei. Aibu ya namna hiyo ni ya kijinga, na imezika wengi.

"Nami nilimuuzia bila kumwuliza zinaharibikaje," Mwaisha alisema polepole. Akatoa seti ya mwisho dukani. "Zifunge hapa hapa, nikiona."

Cornel aliosha springi kwa maji na sabuni mpaka samli ikatoka yote. Akafunga bushi kavu. Akashusha gari, kisha akakaza nati. Mwaisha alikagua moja moja.

Walirudi Samuye, na mchana huo huo uchungu wa Generosa ukaanza, mvua ikinyesha. Philomena alikuwa wa kwanza kupanda garini, akampakata mwenzake. Gari liliruka mashimo bila kuyumba. Kolandoto walifika salama, na Generosa akajifungua mtoto wa kike.

Nje ya wodi Cornel alisema, "Philomena, nisamehe."

"Bado," alijibu. "Nipeleke na mimi zamu yangu ikifika, ndipo uniombe."

Zamu yake ilifika mwaka uliofuata. Kila wiki Cornel alikuwa ameosha na kukagua, na bushi zilikuwa zile zile. Siku ya kurudi kutoka hospitali, Philomena alikaa mbele na mtoto wake mikononi. Cornel aligeuka akamwomba tena msamaha.

"Nimekusamehe," Philomena alisema. "Sasa angalia barabara."