Komeo Lililokuwa Upande wa Ndani

Wa kwanza kunisimulia habari hii ni wifi mtu mwenyewe, siku tuliyokaa benchi moja kliniki ya watoto tukisubiri kupima uzito. Alisimulia kwa sauti ndogo, akigeuka nyuma kila mara, nami naiandika kama alivyoisema.

Nyumba ilikuwa ya kampuni, ya zamani, vyumba vitatu na sebule. Mume alipewa kwa sababu ya kazi yake ya kutunza stoo. Aliishi humo na mkewe, na binti yao wa miaka minne ambaye kila mtu alimwita Kijino, na dada yake, yaani huyo wifi, aliyekuwa akijifunza ushonaji.

Sebuleni kulikuwa na kabati lililojengewa ukutani, la mbao nzito, lenye milango miwili. Lilitengenezwa enzi za televisheni zenye kisogo, ndiyo maana kina chake kilikuwa kirefu kupita kiasi. Tangu wahamie, milango ile ilikuwa haifunguki. Mume alisema mbao zimevimba kwa unyevu, akaachana nayo.

Mpaka alipotaka kununua televisheni mpya. Alipima upana wa kabati, akapata inchi arobaini na tatu, akaenda dukani akanunua televisheni iliyoandikwa arobaini na tatu. Kisha akamwita fundi seremala, mtu mwembamba aliyeitwa Fundi Penseli kwa sababu penseli haikutoka sikioni mwake.

Fundi alilitazama boksi, akacheka.

"Kaka, inchi za tivii hupimwa pembe kwa pembe, si ubavu kwa ubavu."

"Kwa hiyo ni kubwa, haiingii?"

"Ni ndogo. Itabaki nafasi ya vidole vinne kila upande. Bora hivyo, itapumua."

"Basi usimwambie mke wangu."

"Mke wako yuko hapa anasikia," mkewe akasema kutoka mlango wa jikoni.

Wakacheka wote watatu. Mume akatoka kwenda kutafuta waya wa umeme, na fundi akapenyeza patasi katikati ya milango, akaibinya. Kitu ndani kikalia, kak, na milango ikaachia.

Fundi hakuingiza mkono. Alisimama, akavuta penseli sikioni, akairudisha.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Nyuma ya mlango wa kushoto kulikuwa na komeo la shaba. Lilikuwa upande wa ndani, na tundu lake lilikuwa kwenye mlango wa kulia, nao upande wa ndani.

"Makabati natengeneza tangu sijaota ndevu," fundi alisema polepole. "Komeo huwekwa upande wa mtu."

"Labda aliyelitengeneza alikosea."

"Kulipachika upande huo, tuseme alikosea. Sasa nani alilisukuma likafunga?"

Mke alikuwa akitazama sakafu ya kabati. Hapakuwa na vumbi. Hapakuwa na utando wa buibui wala mende aliyekufa. Kulikuwa safi kama chumba kilichofagiliwa asubuhi ile, na kulitoka harufu ya nywele mbichi zilizofungwa kitambaa kabla hazijakauka. Moyo ulimwambia aseme milango irudishwe ilivyokuwa. Lakini mumewe alikuwa anarudi na waya mkononi, anapiga mluzi, naye hakuwa mwanamke wa kubishana mbele ya wageni. Akanyamaza.

Fundi naye alitaka kazi yake. Alisema televisheni ikikaa ndani kabisa wataitazama kama wanachungulia kisima, kwa hiyo ataisogeza mbele mpaka ukingoni, na ikiwa ukingoni milango haitafungika, basi aing'oe. Mume akakubali. Nyuma ya televisheni pakabaki uwazi mkubwa wenye giza, na pembeni zile nafasi za vidole vinne.

"Mbao kama hizi hazipatikani tena," fundi alisema akiipangusa milango. "Niwatengenezee kitanda cha mtoto. Mmoja uwe ubao wa kichwani, mwingine miguuni. Mbao za mbavu nitaleta mimi."

Kijino alikuwa bado analala na wazazi wake, kwa hiyo wote walifurahi. Baada ya siku mbili kitanda kikaja, kizuri, kikawekwa katika kile chumba cha tatu kilichokuwa cha mizigo. Komeo fundi alikuwa ameliacha palepale kwenye ubao wa kichwani, na tundu lake kwenye ubao wa miguuni. Alisema ni shaba nzuri, litakuwa pambo.

Jambo la kwanza likawa biskuti. Mama alimkuta Kijino amechutama mbele ya televisheni iliyozimwa, anapitisha biskuti kwenye ile nafasi ya pembeni, moja baada ya nyingine.

"Unafanya nini?"

"Nampa."

"Unampa nani?"

Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. Mama akapiga tochi nyuma ya televisheni. Hapakuwa na biskuti, wala chembe yake, wala sisimizi.

Jambo la pili likawa nywele. Siku moja baada ya usingizi wa mchana Kijino alitoka chumbani amesukwa. Mistari ilikuwa myembamba, imepinda kutoka sikio moja hadi jingine na kukutana kisogoni, mtindo ambao mama yake hakuwahi kuuona. Mama akaenda moja kwa moja kwa wifi yake aliyekuwa akipiga pindo.

"Wifi, ukitaka kumsuka mtoto si useme. Mtoto ana mama yake."

"Kumsuka nani? Mimi huyu ambaye kichwa changu nasukiwa kwa kubembeleza?"

"Basi kajisuka mwenyewe."

"Muulize yeye. Usinitafutie maneno, wifi."

Toka siku hiyo wakawa wanapishana sebuleni kimya. Mke aliona wifi anaingia chumba cha mtoto kwa siri. Wifi aliona mke anafanya mambo kisha anamsingizia, apate sababu ya kumfukuza. Kila mmoja kwa wakati wake alipeleka malalamiko kwa mume, na mume aliongeza sauti ya televisheni.

Wifi aliniambia kwamba alimchukia mke wa kaka yake kwa wiki nzima, na bado anajuta. Kwani adhuhuri moja walikuwa wote wawili uani wanaanua nguo, yeye mwanzo wa kamba na mwenzake mwisho wake, wamepeana visogo, mume yuko kazini na mlango wa mbele umefungwa kwa ufunguo, na kutoka dirisha la chumba cha mtoto ikatoka sauti ya mwanamke inambembeleza mtoto, ya chini, haina maneno, inapanda kidogo na kushuka, na kila mmoja akageuka kumtazama mwenzake akitegemea kuuona mdomo wake ukitembea, na midomo yote miwili ilikuwa imefumba.

Walikimbia wameshikana mikono. Chumbani Kijino alikuwa amelala chali, macho wazi, anatabasamu. Harufu ya nywele mbichi ilijaa mpaka kooni. Juu ya mto komeo lilikuwa limesukumwa, limetokeza nje ya ukingo wa ubao, linatafuta tundu lake hewani.

"Hilo nalirudisha kila asubuhi," mke alinong'ona. "Nilidhani ni wewe unalichezea."

"Mimi nilidhani ni wewe."

Mke akamwinua mtoto, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo alikuwa akiliona kila siku bila kulielewa. Godoro lilikuwa limevimba katikati kama mgongo. Alikuwa amemgombeza Kijino mara ngapi kwa kulirukia. Shuka nalo lilizidi, likikunjwa miguuni mara mbili. Na nyayo za mtoto, ambazo siku ya kwanza zilikuwa mbali na ubao wa miguuni, sasa zilikuwa zimeugusa, vidole vimekunjwa.

Jioni ile walimwita Fundi Penseli, mume akiwepo.

"Mmesogeza mbao zangu," fundi alisema alipokiona kitanda.

"Hakuna aliyekigusa," mume akamjibu. "Ulipima vibaya."

Fundi alikuwa na desturi ya kuandika kipimo kwa penseli chini ya kila kitu alichokitengeneza, ili akija kukirekebisha asipime upya. Alijilaza chali, akaingia uvunguni na tochi, akasoma kwa sauti: sentimita mia moja thelathini na tano. Kisha akatoka, akavuta tepu toka kichwani hadi miguuni. Akavuta tena. Mara ya tatu alimpa mume ashike ncha moja. Mia na kumi na mbili.

"Mbavu hazijakatwa," fundi alisema. "Skrubu ni zangu, zilezile, mahali palepale. Naweza kukosea kupima, kaka. Na godoro la dukani nalo limekosea?"

Mume alikaa kitini. Usiku ule Kijino alilala katikati ya wazazi wake, na kesho yake wifi akaenda kumleta mganga aliyeelekezwa na mwalimu wake wa cherehani.

Mganga alikuwa mama mmoja mfupi wa miwani, aliyebeba mfuko wa plastiki na kulalamikia magoti yake tangu ngazi ya kwanza. Alikataa chai. Alitazama televisheni, akanusa ile nafasi ya pembeni, akaenda kukitazama kitanda.

"Nani aling'oa milango?"

Fundi Penseli, aliyekuwa amerudi asubuhi ile na vifaa vyake, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mlidhani mmefungua kabati," mganga akamwambia mume. "Mmemvunjia mtu mlango. Huyu hakufungiwa humo na yeyote. Alijifungia mwenyewe, hataki kuonekana, amekaa humo bila kumsumbua mtu. Sasa anauvuta mlango wake ufunge. Nanyi mmemlaza mtoto katikati ya mlango."

Wifi anasema wote walihesabu vichwani mwao bila kusema: zilizobaki ni sentimita mia na kumi na mbili, na mtoto mwenyewe ana zaidi ya mia.

Hapakuwa na ubishi tena. Mume aliitoa televisheni kwa mikono yake, akaiegemeza ukutani upande wa pili. Fundi akakivunja kitanda, akairudisha milango kwenye bawaba zake, na wakati anakaza skrubu ya mwisho bisibisi lilimponyoka mara mbili. Milango ikafungwa. Mganga akawakalisha wote sebuleni, mchana mweupe, madirisha wazi, wasubiri mwenyewe afunge.

Walisubiri. Ilipita saa nzima, na komeo halikulia, na ile harufu badala ya kupungua ikazidi, ikashuka kutoka kwenye milango na kuzunguka miguu yao kama maji, na Kijino aliyekuwa mapajani kwa mama yake akaanza kujivuta kuelekea kabatini, bila kulia, bila haraka, kama mtoto anayeitwa kula.

"Ananisubiri," alisema. "Anasema niingie ndiyo afunge."

Mume alisimama. Mganga akamkalisha kwa jicho, akamgeukia mke.

"Amemzoea. Hatafunga bila yeye. Hapa mimi sina dawa, mwanangu. Mwenye mtoto ni wewe. Zungumza na huyo wa kabatini."

"Nimwombe?"

"Usimwombe. Mweleze."

Mke huyu, aliniambia wifi, ni mtu ambaye hata kumwita konda ashushwe ni shida. Lakini aliinuka na mtoto wake, akaketi sakafuni, mgongo wa mtoto kifuani mwake, miguu yao ikielekea ile milango.

"Sikujua ni kwako," alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Ningejua nisingeruhusu waufungue, na siku ile nilitaka kusema nikaona haya. Kosa hilo ni langu. Mlango wako huo tumekurudishia. Ulimbembeleza mwanangu, nimesikia. Ulimsuka, nimeona. Lakini huyu nimembeba mimi, nimemzaa mimi, amenyonya nikiwa siwezi hata kusimama. Haingii humo. Wewe funga, ulale."

Akaanza kufumua zile nywele, ambazo zilikuwa hazijafumuliwa tangu siku ile. Alifumua msuko mmoja mmoja, na kila alipofumua mmoja kitu kiligonga kidogo nyuma ya mbao, kama ukucha, na mtoto akaguna, na yeye hakusimama, akaendelea kutoka sikio hadi sikio mpaka kisogoni, vidole vikiteleza kwa unyevu ambao haukuwa jasho la mtoto, mpaka kichwa chote kikawa kimesimama nywele kama manyoya, akakipapasa chote kuhakikisha hakuna msuko uliobaki, na wifi akaja akakipapasa, na mganga naye.

Ndipo komeo likasukumwa. Lilisukumwa kwa ndani, taratibu, bila fujo, kama mwenye nyumba anayefunga baada ya wageni kuondoka. Harufu ikakatika palepale. Fundi Penseli alitoka nje akatapika.

Usiku ule hakuna kilicholia. Kijino alilala ameshikwa mkono na mama yake, kichwa kimefungwa kitambaa kwa mafundo mawili.

Asubuhi yake mama aliamka kabla ya wote, akafungua mafundo yale mawili, ambayo yalikuwa kama alivyoyafunga, na nyuma ya sikio la kushoto akakuta msuko mmoja, mwembamba, umepinda kuelekea kisogoni, bado mbichi.

Hakumwamsha mumewe. Hakumwuliza mtu. Alichukua wembe mpya, beseni la maji na sabuni, akamketisha mtoto kwenye kizingiti cha mlango wa uani. Wifi alitoka na mswaki mdomoni, akaona, akautema, akaja kuketi upande wa pili na kukishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili. Mama akanyoa kuanzia paji la uso, nywele zikianguka gazetini, mpaka kichwa kikabaki kitupu, kinang'aa.

Kijino alijipapasa utosini, akacheka.

"Mama, zikiota tena, atanisuka?"

Mama akalowesha wembe, akarudi kwenye paji la uso, akaanza kunyoa upya.